Sufuria ya Watu Sita

Kwa miaka 19 nimepika chakula cha usiku cha watu sita, na sikumbuki jioni hata moja niliyosimama mbele ya friji nikakosa la kupika. Kuchoka nilichoka. Kunung'unika ndiyo usiseme. Lakini kukosa la kupika, hapana. Kisha katika muda wa miezi minane nyumba ikapukutika: mtoto wa kwanza chuo, wa pili chuo, kitindamimba shule ya bweni, mama mkwe akaenda kukaa na mwanawe mwingine, na mume wangu akahamishiwa kituo cha mbali kinachomrudisha nyumbani mara moja kwa mwezi. Nikabaki mimi, meza ya viti sita, na swali nililodhani ni la watu wasiojua kupika: leo nile nini?

Swali hilo lilinisumbua karibu mwaka mzima. Lilinila hela, lilinilaza sakafu ya bafuni usiku mmoja, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kumpikia mtu mmoja ni kazi nyingine kabisa, si ile ile iliyopunguzwa.

Wiki ya kwanza nilipika kama kawaida, maana mkono una mazoea yake. Niliosha maharage kwenye bakuli lile lile, nikabandika sufuria ile ile, nikayaunga kwa vitunguu vitatu. Nilipofunua kifuniko nikacheka peke yangu. Yalikuwa maharage ya kulisha harusi ndogo. Siku ya kwanza matamu. Ya pili matamu zaidi, kwa kuwa maharage yakilala yanakolea. Ya tatu niliyala kwa sababu yapo. Ya nne nikaanza kuyakwepa, nafungua friji nikiangalia rafu ya juu kana kwamba ya chini haipo. Ya sita nikayamwaga nimegeuza uso.

Hapo nikahitimisha, vibaya, kwamba kupika kwa ajili yangu tu ni hasara. Kwa hiyo nikaacha.

Chai na mkate. Nilianza nayo kama mchezo wa siku mbili tatu, ikawa mwezi. Binti yangu alikuwa anapiga simu kila jioni.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nimekula, mwanangu. Wewe je, umekula?"

Ukimjibu mtoto swali kwa swali unapata nafasi ya kupumua, naye alikuwa na mengi ya kusimulia, tukaenda hivyo. Ila mimi nilijua ninachoficha. Mkate wa saa 1 jioni haufiki mbali. Saa 4 usiku njaa inarudi na hasira, nakula karanga na biskuti nimesimama, taa ya jiko imezimwa, mwanga wa friji tu. Nikalala na kiungulia, nikaamka mzito. Kama unaishi peke yako na unajikuta unakula mara mbili usiku na mara zote mbili hujashiba, usidhani una ulafi. Hujala chakula, basi.

Baada ya mkate zikaja tambi za pakiti, zile za kumwagia maji ya moto. Sizitukani. Momofuku Ando alizibuni Japani mwaka 1958, na tangu hapo zimeokoa wanafunzi na walinzi wa usiku wasiohesabika. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na nilipovaa miwani kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti niliona kuwa nikimimina kile kifuko cha viungo chote nimeshamaliza sehemu kubwa ya fungu langu, na asubuhi na mchana nimekula pia. Nikawa naweka nusu ya kifuko. Ladha ikapungua, na hamu ikapungua nayo.

Ndipo nikaingia kwenye kuagiza. Hili ndilo lililonigharimu zaidi, na si fedha peke yake. Nilikuwa nakaa kwenye kochi saa 12 na nusu, nafungua simu, napitia picha za vyakula, narudi, napitia tena. Siku moja nilitazama saa nikagundua dakika 40 zimekwisha na sijachagua kitu. Dengu nyekundu hazihitaji kulowekwa na zinaiva kwa dakika 20. Ningekuwa nimekula na kuosha vyombo. Chakula kilipofika kilikuwa cha watu wawili, kimepoa, na nilikila chote kwa sababu nimekilipia.

Nilianza kujiuliza kwa nini kuchagua kulikuwa kugumu hivyo, mimi niliyekuwa naamua mlo wa watu sita huku nakagua madaftari ya shule. Jibu lilinijia nikiwa naosha kikombe kimoja. Sikuwa najua ninachopenda.

Nilijua kitindamimba hali kitunguu akikiona, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakikuna kikayeyuka kwenye mchuzi asikitambue. Nilijua wa pili hagusi samaki. Mama mkwe chumvi kidogo. Mume wangu bila mchuzi anaona hajala. Mtoto wa kwanza anakula chochote mradi kiwe kingi. Ukiondoa hayo yote, kinachobaki kinapikika, ndicho nilichopika. Mimi nilikula kilichobaki: bawa la kuku, ukoko wa wali, kipande cha samaki chenye miiba mingi. Sikuwa nalalamika, wala sasa silalamiki. Ila mtu akiniuliza "wewe unapenda nini?" nilikuwa natazama pembeni kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Miaka 19 nilikuwa napika kwa kuzuiwa. Vizuizi vilipoondoka, navyo vikaondoka na mwongozo.

Aliyenitoa hapo ni mdogo wangu. Yeye ameishi peke yake miaka 11, na nilikuwa namwonea huruma kwa hilo. Alikuja Jumamosi moja, akafungua friji kabla hata hajavua viatu. Akaanza kutoa vitu na kuvipanga mezani: nusu kabichi, karoti tatu zilizolegea kama kamba, nyanya mbili zimeanza kulainika, nusu kitunguu kimenyauka kingo, mayai, na bakuli lenye kifuniko.

"Dada, hiki ni nini?"

Nikanusa. Sikujua.

Akalipeleka bakuli kwenye ndoo ya taka bila neno. Kisha akaniuliza jioni huwa najiulizaje. Nikamwambia, najiuliza leo nataka kula nini.

"Ndiyo maana. Saa hizo njaa imeshakushika. Mwenye njaa hajui anataka nini, anajua anataka sasa hivi. Wewe uliza humu ndani nani anakufa kwanza."

Waliokuwa wanakufa kwanza ni nyanya. Akazikatia kwenye kikaango chenye mafuta kidogo na kile kitunguu, akaondoa kingo zilizonyauka akatumia kilichobaki. Akaziponda kwa mwiko mpaka zikatoa maji, maji yakakauka, mafuta yakaanza kujitenga pembeni. Kabichi aliikata nyembamba kama nyuzi, robo tu, si nusu yote. Karoti zile kamba akazikuna. Alipovuruga vyote vikalegea, akafanya mashimo mawili kwa mgongo wa mwiko, akapasulia yai kwenye kila shimo, akafunika. Dakika tatu. Tukala kwenye kikaango, kila mtu na kijiko chake. Tangu nyanya ilipoingia hadi tulipokaa haikufika robo saa, na hakuna aliyeamua kitu. Nyanya ndizo zilizoamua.

Hilo swali lake ndilo natumia hadi leo, na ndilo ningempa mtu kama ningeruhusiwa kumpa kitu kimoja tu. Linapunguza uchaguzi kutoka vyakula vyote duniani hadi kimoja au viwili vilivyo mbele yako. Linaokoa na kile ambacho kingetupwa.

Nilipomsimulia mwanangu wa kwanza kwenye simu, anasoma uchumi, akaniambia: "Mama, hiyo ina wenyewe." Akanieleza habari za Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, ambaye moja ya hoja zake ni kwamba binadamu hana muda wala akili ya kupima kila uwezekano hadi apate ulio bora kabisa, hutafuta hadi akutane na unaotosha, anasimama hapo. Nilifurahi kusikia kwamba mama yake mdogo na mshindi wa Nobel wanakubaliana juu ya kabichi.

Sasa hapa nikajiona nimefuzu, ndipo nikajiumiza. Kwa kuwa falsafa yetu mpya ilikuwa kutotupa kitu, nilianza kuheshimu viporo kupita kiasi. Usiku mmoja nilipika wali, nikabakiza, nikaacha sufuria juu ya jiko imefunikwa hadi kesho yake jioni. Haukunuka. Nikaukaanga kwa moto mkali na yai na pilipili hoho, mtamu kabisa. Nilikula saa 2 usiku. Saa 5 nilikuwa bafuni, na sitaeleza zaidi, ila nilikumbuka kila punje.

Nilikuwa naamini kwamba moto unaua kila kitu. Hauui. Mchele una vijidudu viitwavyo Bacillus cereus ambavyo mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, mbegu zinaamka, vijidudu vinazaliana na kutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haiharibiwi na kupasha moto. Kwa hiyo ningeukaanga hadi uungue, bado ningetapika. Na ukiwa peke yako, kuumwa tumbo usiku si jambo la kuchekesha: hakuna wa kukuletea maji. Nilijiburuza.

Siku hizi wali unaobaki naumwaga kwenye sahani pana upoe haraka, ndani ya saa moja uko kwenye friji, kesho yake unaliwa au unatupwa. Vyakula vingine nafuata ule ushauri wa Shirika la Afya Duniani: kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, friji iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kikipashwa kipashwe kweli, mvuke utoke hadi katikati, si vuguvugu tu. Napasha mara moja tu, kile ninachokula. Na kila bakuli linaloingia friji lina kipande cha karatasi chenye siku. Hakuna tena kunusa na kukisia.

Mengine nimejifunza kwa kuchubuka. Sufuria, kwa mfano. Nusu kikombe cha mchele mkavu kinanitosha, lakini nilipokipika kwenye sufuria yangu pana maji yalikauka kabla mchele haujaiva, juu mawe chini makaa. Nilidhani nimesahau kupika wali, jambo la aibu kwa umri wangu. Kumbe maji kidogo yaliyotandazwa kwenye eneo kubwa hukimbia haraka. Nikanunua sufuria ndogo nzito yenye kifuniko kinachobana, na kikaango cha mayai mawili. Ukiweza kununua vitu viwili tu, nunua hivyo. Vitunguu nanunua vidogo vidogo, kila kimoja kiishe jioni moja. Ule nusu kitunguu kinachonyauka kwenye friji ni kosa la sokoni, si la jikoni. Karoti mbili, nyanya tatu. Muuzaji akikutazama, mtazame nawe.

Maharage nimeyasamehe. Bado napika nusu kilo nzima, kwa sababu kupika maharage ya mtu mmoja ni kuteketeza moto bure, ila nayagawa yakiwa bado hayajaungwa, mafungu ya mlo mmoja, ndani ya friza. Hapa ndipo lile kosa la wiki ya kwanza lilipokuwa: niliyaunga yote kwa ladha moja nikajifunga nayo siku sita. Yasiyoungwa leo yanakuwa ya nyanya, wiki ijayo ya tangawizi, siku nyingine yanapondwa na kitunguu saumu yanapakwa kwenye mkate. Vivyo hivyo rojo la nyanya na vitunguu: nakaanga sufuria nzima Jumapili moja nikisikiliza redio, nagandisha kwenye vikopo vidogo. Kikopo kimoja na mayai, au na dengu, au na tambi, kazi imekwisha.

Uamuzi naufanya asubuhi, nikinywa chai, nikiwa nimeshiba. Natoa fungu moja kwenye friza naliweka chini kwenye friji liyeyuke taratibu. Basi. Jioni nikirudi nimechoka nakuta kuna mtu ameshaamua, na mtu huyo alikuwa na akili timamu kuliko mimi wa saa 1 jioni. Jumatatu ni mayai, na haijadiliwi.

Nisiseme uongo kwamba kila jioni inaendeshwa hivyo. Kuna siku narudi kwenye chai na mkate, na silali na dhambi. Kuna siku tatizo si chakula. Mwezi wa tatu wa upweke huu nilijikuta nimeshusha sahani sita kabatini, moja juu ya nyingine, nikazishika muda mrefu. Usiku huo hata nyanya zisingenisaidia. Nilimpigia binti yangu, na alipouliza nimekula nini nikamwambia ukweli: sijala. Akakaa kwenye simu hadi nikamaliza kukaanga yai, akisikiliza mafuta. Nawaambia wenzangu, acheni kusema "nimekula."

Jumamosi nimejitengea kutafuta ninachopenda, na hiyo ndiyo siku pekee ninayoruhusu lile swali la zamani. Nimegundua napenda uchachu kuliko nilivyodhani. Naweza kukamulia limau karibu kila kitu. Napenda samaki, kumbe, kipande cha mgongo. Tambi sizipendi kihivyo, nilikuwa nazipika kwa ajili ya watoto tu. Na napenda kitunguu kilichokatwa pete nene, kikaangwe kwa moto mkali kiungue kingo na kibaki kinalia kidogo mdomoni. Kile kile nilichokuwa nakikuna kisionekane.

Likizo ilipofika walirudi wote, siku moja, nyumba ikajaa mabegi. Nikaingia jikoni kwa shangwe, nikapima mchele kwa macho kama zamani. Jicho lilikuwa limeshabadilika. Tulipokaa mezani mume wangu akafunua sufuria, akatazama, akanitazama, akaanza kugawa wali kwa kijiko cha chai kwa utani. "Mama, ndiyo hiki tu?" akauliza wa kwanza, naye kweli alikuwa na wasiwasi. Ikabidi ninyanyuke nichemshe tambi.

Niliporudi nilimkuta kitindamimba ameinamia mchuzi.

"Mama, mbona vitunguu vinaonekana?"

"Ndivyo ninavyovipenda."

Hakujibu. Akavitoa pete moja moja, akavipanga ukingoni mwa sahani. Nikanyoosha uma wangu, nikavichukua vyote.